Twajua, na Bado Twanunua: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya na wa Vyuo Vikuu Mombasa

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa Bodi ya Dawa na Sumu,
Kwa Manaibu Chansela na wakuu wa kampasi za vyuo vikuu zilizo Mombasa,

Waheshimiwa, salamu.

Nawaandikia kuhusu antibiotiki, dawa za kuua bakteria, ambazo sisi wanafunzi twanunua bila karatasi ya daktari. Nianze kwa kukiri, msije mkadhani nawanyooshea kidole hali mikono yangu ni safi. Kwa miezi saba nilikuwa muuzaji wa zamu ya jioni katika duka la dawa lililo karibu na hosteli za wanafunzi hapa Mombasa. Mimi nasomea uhasibu. Sina cheti cha ufamasia wala cha uuguzi. Mafunzo yangu yalikuwa ya siku mbili: rafu hii ina nini na ile ina nini, bei zake, na namna ya kuandika 1×3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, juu ya bahasha ndogo ya kaki. Cheti cha mfamasia kilikuwa ukutani, ndani ya fremu, kimefutwa vumbi. Mwenye cheti nilimwona mara mbili kwa miezi yote hiyo.

Duka silitaji, na chuo changu sikitaji. Woga upo, sikatai, bado sijahitimu. Lakini pia nikitaja duka moja mtalifunga hilo, mtapigwa picha mlangoni na kufuli jipya, na majirani zake wataendelea kuuza hadi saa nne usiku kama kawaida.

Saa tatu na nusu ndiyo saa ya wanafunzi. Muuza viazi karai amebakiwa na vya mwisho karaini, tuktuk zimepungua, na mtu aliyekuwa akijikaza tangu asubuhi sasa ameshindwa. Anakuja na ndara. Hasemi anaumwa na nini. Anatoa simu, ananionyesha picha ya dawa aliyotumiwa na rafiki yake: "Nipe hii, za hamsini." Hamsini ni shilingi, si idadi ya vidonge. Nachukua kibamba chenye vidonge kumi, natia makasi. Vinne vyake, sita vinarudi boksini. Tarehe ya mwisho ya kutumika imechapwa pembeni, kwa hiyo mara nyingi inabaki upande wangu, na jina la dawa linakatika katikati, yeye anaondoka na "cillin" peke yake. Naandika 1×3. Anaweka mfukoni, anauliza kama nina salio la simu la kuuza.

Hakuna aliyeniuliza nimesomea wapi. Nami sikumuuliza mtu karatasi ya daktari. Karatasi zilizonifikia usiku nazikumbuka moja moja, kwa uchache wake.

Mwajua kuliko mimi kwamba Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, hairuhusu hayo. Antibiotiki ni dawa ya karatasi. Mimi nilijua. Na hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika: wanunuzi wangu nao walijua.

Kila Novemba, kuanzia tarehe 18 hadi 24, huwa kuna wiki ya kimataifa ya kuhamasisha watu kuhusu usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzishinda dawa. Hubandikwa mabango, hugawiwa fulana, hutolewa hotuba chini ya hema. Mwaka jana nilihudhuria. Mzungumzaji akauliza, "Antibiotiki inatibu mafua?" Hema zima likajibu, "Haitibu!" Tukapigiwa makofi. Jioni ileile alikuja kaunta msichana aliyevaa fulana ya wiki hiyo, pua imekuwa nyekundu, akaomba Amoxil. Alicheka mwenyewe kabla sijasema neno. "Usiniangalie hivyo," akaniambia, "kesho nina mtihani wa CAT."

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliligusia jambo hili katika hotuba yake ya Nobel, Disemba 1945. Alisema huenda ikafika siku penisilini ikauzwa madukani kwa yeyote, na hatari itakuwa mtu asiyejua, atakayekunywa kipimo kidogo na kuwafundisha vijidudu kuihimili dawa. Akapiga mfano wa bwana mmoja mwenye koo linalouma. Bwana yule ananunua penisilini, anakunywa isiyotosha, anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anatibiwa kwa penisilini ileile, haifui dafu, anakufa. Kuhusu duka, mzee aliona mbali. Kuhusu mtu asiyejua, kwetu hapa alikosea. Bwana wa mfano wake hakuwa na habari. Sisi tumeulizwa swali hilo hemani na tukalipata.

Tena niliowaona wakinunua kwa kujiamini zaidi ni wenzetu wanaosomea mambo ya afya. Mhasibu kama mimi angalau husitasita. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu anakuja na jina kamili, kipimo kamili na idadi ya siku, anaagizia chumba kizima. Kila darasa lina "daktari" wake. Kwenye kundi letu la WhatsApp, kati ya ujumbe wa karo na wa michango ya harusi, utakuta: "Nani ana Augmentin iliyobaki?" Na huwa yuko aliyebakiwa nayo, kwa sababu hakuna anayemaliza.

Basi msituletee bango jingine. Nisikilizeni kwanza kwa nini mtu anayejua ananunua.

Kusi likianza kuvuma, mwezi wa Mei na Juni, korido nzima hukohoa. Mafua ni virusi, na kumtegea virusi antibiotiki ni kama kumtegea papa mtego wa panya. Lakini mafua yana tabia ya kuisha yenyewe. Mtu akimeza Amoxil siku ya tatu, siku ya tano yuko darasani, na sifa yote inakwenda kwa kidonge. Utamwambia nini? Ushahidi anao, mwili wake mwenyewe.

Kisha kuna maneno niliyoyasikia kaunta kila wiki: "Hiyo Amoxil mwili wangu umeizoea, nipe kali zaidi." Hapo ndipo penye kosa, na nasema bila kejeli kwamba nami niliamini hivyo. Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaozoea ni bakteria. Walio dhaifu hufa kwa vidonge vya kwanza, mgonjwa akapata nafuu na kuacha vingine kwenye droo. Waliosalia ndio wenye uwezo wa kuihimili dawa, nao huzaana. E. koli, bakteria anayeishi matumboni mwetu sote, akipata mahali pazuri hujigawa na kuwa wawili katika muda wa dakika ishirini hivi. Tena bakteria hupeana mbinu: kipande kidogo cha vinasaba hutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, hata asiye wa jamii yake. Sisi twaishi wanne chumba kimoja, vyoo viwili kwa korido, na mfereji unaotoa maji ukipenda. Alichojifunza bakteria kwangu hakikai kwangu. (Wataalamu hukiita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, jina ambalo hakuna mwanafunzi anayelitamka hadi mwisho. Sugu lenyewe twalijua vizuri, ni ile ngozi ngumu ya kisigino cha mvuvi, na haiji kwa siku moja.)

Hilo neno "kali" nalo lina gharama yake. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezipanga antibiotiki katika makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba zinazowekwa hadi nyingine zishindwe. Amoxicillin, ambayo ndiyo Amoxil, iko katika kundi la kwanza, na sipro, yaani ciprofloxacin, katika la pili. Septemba 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki wanazotumia binadamu duniani zitoke kundi la kwanza. Kaunta yangu haikuwa na makundi. Ilikuwa na dhaifu na kali, na kilichozitenganisha ni bei. Mwenye mia mbili alipata ya kundi la pili bila kuulizwa lolote.

Halafu kuna swali ambalo nadhani wakuu wa afya hamlipendi: karatasi ya daktari yenyewe ina thamani gani? Nenda na homa kwenye kliniki ndogo yoyote ya mtaani. Utatolewa damu, utapimwa Widal, utaambiwa una typhoid. Kipimo hicho ni cha tangu 1896, na ukikifanya mara moja tu kinaweza kusema "ndiyo" kwa mtu aliyewahi kukutana na vijidudu hivyo zamani na leo hana shida navyo. Mimi nimeambiwa nina typhoid mara nne tangu niingie chuo. Mara zote nne niliandikiwa antibiotiki. Sasa mwanafunzi anapiga hesabu: nimlipe mtu pesa za kumwona, nilipe kipimo, nipoteze asubuhi nzima, mwisho aniandikie ileile ambayo yule dada wa kaunta ananikatia kwa hamsini? Mhasibu yeyote angekubaliana naye.

Na aibu. Juu ya hili nitakaa kidogo, kwa kuwa ndilo hasa linalojaza kaunta usiku.

Zahanati ya chuo chetu ina dirisha la usajili koridoni. Unaulizwa "Una shida gani?" na nyuma yako wamepanga mstari watu wanane, wa tatu ni mwanafunzi wa darasa lako, wa tano ni mtoto wa jirani yenu wa nyumbani. Msichana anayechomwa na mkojo atajibu nini hapo? Atasema kichwa. Atapewa Panadol, ataandikwa daftarini kuwa aliumwa na kichwa, na saa tatu na nusu atakuja kwangu. Akiwa na bahati mbaya atakutana na swali la pili, "Umeolewa?", ambalo sijawahi kuelewa linaingiaje kwenye kibofu. Mvulana anayetokwa na usaha hata dirishani hafiki. Atanunua sipro, kwa sababu kaka yake alipona kwa sipro miaka hiyo. Kisonono cha leo si kile cha kaka yake. Kimeishinda penisilini, kimeishinda tetrasaiklini, kimeishinda sipro katika nchi nyingi, na tegemeo kubwa lililobaki ni sindano ya seftriaksoni. Lakini dalili zikipungua kidogo kijana anahesabu amepona, na huyo wa pembeni yake haambiwi neno.

Wasichana wengi walirudi baada ya wiki moja na muwasho. Antibiotiki huwaua pia bakteria wema wanaolinda njia ya uzazi, fangasi wakapata nafasi. Hili sikulijua wakati ule. Nilichokiona ni mteja anayesema "haijaisha", nami nikamuuzia antibiotiki nyingine juu ya fangasi walioletwa na ile ya kwanza. Nililijua baadaye, nilipoanza kusoma kwa ajili ya mwenzangu wa chumba.

Alianza kuchomwa na mkojo muhula wa pili. Zahanati ilikuwa imefungwa, akaja kaunta, nikamkatia sipro nne. Siku mbili, nafuu. Baada ya wiki tatu ikarudi. Nikamkatia tena, safari hii na Flagyl, antibiotiki nyingine, juu yake, kwa sababu nilikuwa nimemwona mwenye duka akizichanganya hivyo. Mara ya tatu hakuja kwangu, alikwenda duka la pili. Aliniambia baadaye alinionea haya. Usiku mmoja wa Machi nilirudi kutoka zamu nikamkuta anatetemeka hadi meno yanagongana, amejifunika shuka na leso mbili, katika joto ambalo sisi wengine tulikuwa tukilala sakafuni kutafuta ubaridi. Mkono mmoja ameukaza kiunoni upande wa kulia. Tulimshusha ngazi tukiwa watatu, tukasimamisha tuktuk.

Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. Vijidudu vya mkojo wake vilioteshwa maabara, majibu yakachukua siku tatu. Karatasi ile niliishika mimi, maana yeye alikuwa na mpira wa dawa mkononi. Kushoto pana orodha ya antibiotiki, kulia herufi moja moja. S maana yake dawa bado inamweza bakteria, R maana yake bakteria ameishinda. Amoxicillin: R. Septrin: R. Sipro: R. Seftriaksoni, ambayo ni ya sindano na tuliyoidhania mwisho wa mambo: R. S zilikuwa chache, chini kabisa ya ukurasa, na iliyomfaa ilikuwa ya kutiwa kwenye mshipa, wodini, si ya kumeza nyumbani. Siwezi kuapa kwamba R zile nilizitia mimi. Daktari alituambia huenda bakteria huyo alikuwa naye tangu zamani, au alimpata kwa mwingine. Lakini kwenye mstari wa sipro nilijua nimeweka mkono wangu. Alikosa mitihani miwili, sasa ni mzima, anairudia mwaka huu.

Nilikuwa nimeshasoma kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa. Ilikuwa namba tu, kama za kwenye vitabu vyetu vya hesabu za kampuni.

Niliacha kazi mwezi uliofuata. Wiki ileile kiti changu kilichukuliwa na kijana wa mwaka wa pili anayesomea utalii. Mpole, ana heshima, ananiita dada. Makasi ni yaleyale.

Sasa nije kwenu. Nimeisoma mipango yenu. Mpango wa dunia wa kupambana na usugu, uliopitishwa 2015, lengo lake la kwanza ni uelewa. Mpango wa taifa wa 2017 hadi 2022 ukafuata mkondo huo, na sasa tuko kwenye wa 2023 hadi 2027. Sisemi uelewa hauna maana. Mamangu mzazi hana habari ya haya, naye anastahili kuelezwa kwa lugha yake, na waelezeni pia wafugaji wa kuku wanaotia dawa kwenye maji ya kunywa. Ila kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, pesa ya bango imeshafanya kazi yake. Shilingi inayofuata ipelekeni kwingine.

Wakuu wa vyuo, kila mwaka twalipa ada ya matibabu pamoja na karo. Iko kwenye risiti, mstari wake peke yake. Kwa ada hiyo twapata zahanati inayofunguliwa saa mbili asubuhi, tukiwa darasani, na kufungwa saa kumi jioni, tukiwa bado darasani. Jumamosi na Jumapili haipo. Simlaumu sista, yuko mmoja na foleni ni ya wanafunzi wa kozi zote, tena juzi nilimwona akinunua glavu kwa pesa zake. Nawaomba ikae wazi hadi saa nne usiku, hata kama ni siku tatu kwa wiki. Kama chuo kimoja hakiwezi kulipa zamu ya pili, kisiwa hiki si kikubwa, kampasi zilizo jirani zinaweza kuchangia zahanati moja ya usiku. Dirisha litolewe koridoni. Mtu apewe namba, aingie ndani, mlango ufungwe, ndipo aulizwe ana nini. Na viwepo vile vijiti vya kupimia mkojo, vinavyotoa jibu kwa dakika mbili. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba mkojo wake hauna dalili ya maambukizi, atarudi chumbani bila dawa na hatajiona amepuuzwa. Kinachomuudhi si kunyimwa dawa, ni kutoangaliwa.

Waziri wa Kaunti, afya ni yenu tangu Katiba ya 2010 ilipogatua madaraka. Tangu Oktoba 2024, SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliposhika nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, twaambiwa huduma ya msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali hailipiwi, bora uwe umejisajili. Habari njema, nami nimejisajili. Lakini zahanati hizo nazo zafunga jioni, na kwa mwanafunzi anayeishi Likoni na kusomea kisiwani, anayevuka feri alfajiri na kurudi usiku, huduma ya bure ya saa za kazi ni ya mtu mwingine. Chagueni vituo vichache vilivyo karibu na hosteli, viwashwe taa usiku. Na hospitali zenu zenye maabara ya kuotesha vijidudu zifungue njia ya sampuli za wanafunzi kupelekwa huko kutoka zahanati za vyuo, ili siku moja mkusanye R na S zetu mjue ni dawa gani bado yafanya kazi Mombasa na ipi imekwisha. Na maji. Wiki ambayo mifereji ilikauka na hosteli zikanunua ya mikokoteni, Flagyl iliisha rafuni kwangu kabla ya Ijumaa. Wengi wa walioharisha walihitaji maji ya chumvi na sukari na siku mbili za kupumzika. Nilikuwa na pakiti za chumvichumvi hizo, bei rahisi kuliko Flagyl. Hakuna aliyeziulizia, nami sikuzitaja, maana Flagyl ilikuwa na faida zaidi.

Bodi, msinielewe vibaya, kaunta lazima isimamiwe. Lakini misako ya mchana yenye magari na kamera hutangulia kufika kwenye simu za wenye maduka kabla ya magari yenyewe. Mtumeni kijana wa miaka ishirini, ana ndara, saa tatu na nusu usiku, aombe sipro za hamsini. Kisha muulize mwenye cheti cha ukutani yuko wapi. Picha yake iwekwe kaunta, kubwa, na saa zake za kazi chini yake, ili mnunuzi ajue kama aliye mbele yake ndiye. Wafamasia wa kweli wapo Mombasa, nimekutana nao. Mmoja alikataa kuniuzia dawa, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki dakika kumi akinieleza kwa nini, na sijasahau hadi leo. Mtu kama huyo anashindana na duka la jirani lenye mwanafunzi wa uhasibu na makasi. Kila anapomkatalia mteja, anampeleka kwetu.

Ombi moja juu ya mpangilio. Msianze na kufuli. Mkibana kaunta kabla zahanati haijafunguliwa usiku, biashara itahamia yote kwenye lile kundi la WhatsApp, kwenye vidonge vilivyobaki vya mtu fulani, bila hata bahasha ya kaki. Nusu yake tayari iko huko.

Mitihani yetu inaanza mwezi ujao, na wiki moja kabla yake ndiyo wiki ya mauzo makubwa, hilo nawaambia kama muuzaji. Leo nimepita zahanati ya chuo nikitoka maktaba. Ile karatasi ya saa za kufungua bado iko mlangoni, imebandikwa kwa selotepu, na saa kumi imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu.

Wenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne,
Mombasa